Patricia Routledge: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu yule mama wa Hyacinth

Nimeyakusanya hapa maswali ninayoulizwa sana kuhusu huyu mama, maana kila nikimtaja mtu ananiambia "nani huyo", nikisema Hyacinth ndo anacheka na kusema aaah yule wa makofia. Sasa nataka tumjue vizuri, sio kofia tu.

Patricia Routledge ni nani hasa?

Ni muigizaji wa Kiingereza aliyecheza Hyacinth Bucket kwenye komedi ya BBC inayoitwa Keeping Up Appearances. Yule mama wa gauni la maua na mkufu wa lulu, anayepokea simu kwa madaha utadhani ni Ikulu kumbe ni sebule ya kawaida tu. Jina lake kamili Katherine Patricia Routledge, alizaliwa tarehe 17 Februari 1929 na alifariki tarehe 3 Oktoba 2025, miaka 96.

Hapo katikati kuna kazi ya zaidi ya miaka 60, jukwaani, redioni na kwenye TV, na Hyacinth kachukua miaka mitano tu ya hiyo yote. Wengi wetu tunaijua hiyo mitano, na ndo kitu kinachoniuma kidogo, kwa sababu ile mingine ndo iliyomfanya aiweze hiyo mitano. Ukimaliza kusoma hapa natumaini utaelewa namaanisha nini.

Alitoka familia ya kitajiri? Maana anavyoongea…

Hapana kabisa. Alizaliwa Tranmere, kule Birkenhead, mji wa kaskazini mwa Uingereza ulioko ng'ambo ya mto Mersey ukitokea Liverpool, watu wanavuka kwa kivuko. Ni mji wa meli na bandari. Baba yake alikua na duka la nguo za kiume, mfanyabiashara wa kawaida wa mtaani. Vita kuu ya pili ilimkuta bado mtoto, na Liverpool na Birkenhead zilipigwa mabomu sana sababu ya hizo bandari, kuna kipindi familia yao ilikua inajificha chini ya duka.

Nataja hili kwa sababu kule Uingereza ukifungua mdomo tu watu washajua umetoka upande gani wa nchi na baba yako anafanya kazi gani. Watu wa kaskazini wana lafudhi yao, na zamani kulikua na watu wanajitahidi kuificha ili waonekane wa tabaka la juu. Patricia alikulia katikati ya watu hao, kawasikia toka utotoni. Sasa ukimuangalia Hyacinth vizuri utaona lafudhi yake ya kifahari inateleza, akikasirika au akishtuka kaskazini inatoka yenyewe. Hiyo haijatokea kwa bahati, ni mtu anayeijua ile hali kutoka ndani.

Alisomea uigizaji?

Alisoma kwanza Chuo Kikuu cha Liverpool, lugha na fasihi ya Kiingereza, na akilini mwake alikua anajiona mwalimu. Halafu jukwaa likamvuta. Akaanza pale Liverpool Playhouse mwaka 1952, na akapata mafunzo kwenye shule ya Bristol Old Vic, ambayo ni moja ya shule kubwa za uigizaji kule. Hakuna njia ya mkato hapo, ni ile ya kuanzia chini, unabeba viti, unapanga vitu jukwaani, unasubiri upewe mistari miwili.

Kwenye TV alianza na Hyacinth?

Wala. Alipoanza Hyacinth mwaka 1990 alikua na miaka 61, fikiria hiyo. Kabla ya hapo alishapita Coronation Street mwaka 1961 kama Sylvia Snape, mama mwenye mgahawa, na kwa wasiojua Coronation Street ni tamthilia iliyoanza 1960 na mpaka leo inaendelea. Baadae mwaka 1971 akacheza Mrs Jennings kwenye Sense and Sensibility ya BBC, na mwaka 1974 akatokea kwenye komedi ya Steptoe and Son kama mama mpiga ramli.

Halafu miaka ya 1985 na 1986 kwenye kipindi cha mchekeshaji Victoria Wood alikua anacheza Kitty, mama wa mji wa Cheadle anakaa kwenye kiti anaongea na kamera kama anaongea na jirani, na kila kitu anakijua yeye. Hakuna seti ya maana, hakuna mtu mwingine, ni yeye na mdomo wake dakika chache tu. Wengi kule kwao walianzia kumpenda hapo.

Ni kweli alikua muimbaji?

Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote, kaa vizuri.

Ni kweli, na sio muimbaji wa kubahatisha. Mwaka 1968 alishinda Tony, ambayo ndo tuzo kubwa kabisa ya maigizo ya Broadway kule New York, kama muigizaji bora wa kike wa mchezo wa muziki. Mwaka ule walitoka sare yeye na Leslie Uggams, wote wawili wakapewa. Mchezo wenyewe uliitwa Darling of the Day, alicheza na Vincent Price, yule wa filamu za kutisha. Ulifunguliwa mwisho wa Januari 1968 na kabla Februari haijaisha ukafungwa, watu hawakuja. Yaani mchezo ulikufa ndani ya mwezi mmoja halafu muigizaji wake akashinda tuzo ya juu kabisa. Waamuzi walikua wameshamsikia.

Mwaka 1976 akarudi Broadway na mchezo wa 1600 Pennsylvania Avenue, muziki wa Leonard Bernstein, maneno ya Alan Jay Lerner, majina makubwa hayo, kila mtu alijua utakua moto. Ulifungwa baada ya maonyesho 7. Saba! Lakini kuna wimbo mmoja mle ndani watu wa muziki wa jukwaani wanauzungumzia mpaka leo. Patricia alikua anacheza wake wa marais wa Marekani waliomo kwenye mchezo, na ikafika siku ya kuapishwa rais mpya mwaka 1877, anayetoka Ikulu ni mke wa Grant na anayeingia ni mke wa Hayes, wanaangaliana kwa jicho baya. Wote wawili ni yeye. Anaimba mstari mmoja kama yule anayeondoka kwa uchungu, anageuka, anaimba unaofuata kama huyu anayeingia kwa furaha, sauti nzito inakua nyembamba, uso unabadilika, ni ugomvi wa wanawake wawili ndani ya mwili mmoja na bendi nzima inamkimbiza. Watu ukumbini walishangilia mpaka mchezo ukasimama.

Mwaka 1980 akacheza Ruth kwenye The Pirates of Penzance, New York palepale, ila hii ilikua uwanja wa wazi ndani ya Central Park, na Kevin Kline na Linda Ronstadt. Na mwaka 1988 akashinda Olivier, ambayo ni Tony ya Waingereza tuseme, kwa kucheza bibi kizee kwenye Candide. Na muziki wa Candide ni wa nani? Bernstein yuleyule. Kilichomuangusha 1976 kikamnyanyua 1988. Halafu 1992, wakati dunia nzima inamuona ni Hyacinth, alikua National Theatre London kwenye mchezo wa muziki wa Carousel, na kwenye Carousel yeye ndo anayeimba You'll Never Walk Alone. Wimbo ambao mashabiki wa Liverpool wanauimba Anfield kila mechi. Binti wa kutoka ng'ambo ya Mersey anauimba kwenye jukwaa la taifa, mimi hiyo peke yake inanitosha.

Sasa kama alikua na sauti hivyo, mbona Hyacinth anaimba vibaya vile?

Ndo ufundi wenyewe huo!

Mnamkumbuka Emmet, kaka wa jirani Elizabeth, yule mwanamuziki. Hyacinth anataka Emmet amchukue kwenye michezo ya kuimba anayoiongoza, kwa hiyo kila akimuona anaanza kumuimbia. Emmet anachungulia dirishani kwanza, anafungua mlango polepole, anatembea kwa vidole mpaka kwenye gari, anafikiri kasalimika, halafu ule mlango wa pili unafunguka na sauti inatoka kwanza kabla ya mwenyewe. Inapanda, inatetemeka, inapita juu ya noti, inarudi chini yake, inatafuta pa kushikilia haipati.

Jaribu wewe kuimba vibaya kwa makusudi. Mtu asiyejua kuimba akiimba vibaya inachosha tu, unataka anyamaze. Patricia alikua anajua noti ipo wapi kabisa, kwa hiyo anaikosa kwa kiasi kilekile anachotaka, si kidogo mpaka usione, si sana mpaka ionekane anaigiza. Na anaimba kwa kujiamini, usoni anaona kabisa yupo sahihi. Mimi nilikua naangalia hiyo nikiwa mdogo kwa shangazi, enzi zile za BBC Prime kwenye dishi, tunacheka tu na mimi najua huyu mama hajui kuimba. Miaka mingi baadae nikasikia rekodi zake za Broadway nikabaki nimekaa kimya. Nikarudi kuangalia zile episodi upya, na sasa ndo nacheka zaidi ya mwanzo.

Keeping Up Appearances inahusu nini kwa ambaye hajawahi kuiona?

Inahusu mwanamke anayetaka kuwa wa ushuani wakati ndugu zake wote ni wa uswazi. Hiyo ndo yote. Na ndo maana hata sisi tunaielewa bila kuelezwa, kila ukoo una shangazi wa namna hii, wageni wakija anatoa vikombe ambavyo nyie wa nyumbani hamruhusiwi kuvigusa.

Wako dada wanne, wote majina ya maua: Hyacinth, Daisy, Rose, Violet. Hyacinth kaolewa na Richard, mfanyakazi wa halmashauri, mpole, mvumilivu kupita kiasi, anaendesha gari huku mke anamuonesha kila mtembea kwa miguu aliyeko umbali wa nusu kilomita. Daisy kaolewa na Onslow, anashinda na vesti, bia mkononi, TV yao haiwaki mpaka uipige, nje kuna gari bovu linakaa mbwa. Rose anakaa nao na kila wiki ana mwanaume mpya anamlilia. Na baba yao mzee kachanganyikiwa, anatoroka na sare zake za jeshi. Violet ndo ana hela, na Hyacinth hakosi kukwambia dada yake Violet ana Mercedes, ana sauna na ana nafasi ya kufuga farasi mdogo.

Hyacinth anachotaka ni kimoja: aandae chakula cha jioni cha mishumaa, watu wa maana waje, waone sahani zake za kifahari za Royal Doulton. Na kila akikaribia, lile gari la Onslow linatokea kwenye kona linapiga mlio kama bunduki. Jirani Elizabeth ni mwanamke mzima tu hana tatizo lolote, ila akipewa kikombe kwenye nyumba ile mikono inaanza kutetemeka, kahawa inamwagika. Mchungaji akimuona kwa mbali anatafuta pa kujificha.

Aliyeandika ni Roy Clarke, dairekta na prodyuza Harold Snoad. Ilianza tarehe 29 Oktoba 1990 BBC1, sizoni 5, ukijumlisha na zile maalum za Krismasi ni episodi 44, ya mwisho ikatoka Krismasi ya 1995.

Kwani hilo jina Bucket lina shida gani?

Kwa Kiingereza ni ndoo. Jina la ukoo wa mumewe ni Ndoo. Sasa yeye anasisitiza litamkwe kama neno la Kifaransa la shada la maua, buukee. Mtu akipiga simu anajibu kwa sauti ile, nyumba ya kina Bouquet, mama mwenye nyumba anaongea. Na akigundua aliyepiga anauliza mgahawa wa Kichina sauti inashuka palepale. Richard mwenyewe alishasema jina lilikua Ndoo mpaka alipokutana na yeye.

Mtoto wao Sheridan anaonekana kwenye episodi gani?

Haonekani hata moja. Anapiga simu tu, na kila akipiga anataka hela.

Nyumba yake ipo kweli?

Ipo, Binley Woods, karibu na Coventry, ni nyumba ya watu. Ya Onslow na Daisy ilipigwa picha mtaa wa Stoke Aldermoor, Coventry penyewe. Ila ndani yote ni studio ya BBC na watazamaji wamekaa mbele, vile vicheko ni vya watu walioko pale. Kwa hiyo zile ajali zake za kudondokea kwenye vichaka walipiga nje kwanza, halafu watu wanaoneshwa studio.

Ni kweli ilikua maarufu kuliko komedi zingine za BBC?

Kwa kuuzwa nje ndio. Mwaka 2016 BBC Worldwide walitaja ndo kipindi chao kilichouzwa sana nje ya nchi, karibu mara elfu moja kwa vituo vya TV sehemu mbalimbali. Imepita komedi nyingi ambazo Waingereza wenyewe wanazipa heshima zaidi. Na mimi naona sababu ni rahisi, vichekesho vingi vya Kiingereza vinahitaji uijue Uingereza, lakini mtu anayeona aibu kwa ndugu zake mbele za wageni, huyo yupo kila mahali.

Kwa nini iliisha wakati watu bado wanaipenda?

Yeye ndo aliyeamua. Aliona mwandishi ameanza kurudia mambo yaleyale, na alikua anamtaja Ronnie Barker, mchekeshaji mkubwa wa kwao, ambaye alikua anaacha kitu kikiwa bado kinapendwa. Hoja yake ilikua bora watu waulize mbona mmeacha kuliko waulize bado mnaendelea tu. BBC walitaka zaidi, yeye akasema basi. Kuna watu wanamlaumu mpaka leo. Mimi simlaumu, niambie ni tamthilia ngapi umewahi kuzipenda zikakuchosha mwenyewe ukaziacha njiani. Hii haina sizoni mbaya.

Baada ya hapo alifanya nini?

Akahamia kwa Hetty Wainthropp moja kwa moja, Hetty Wainthropp Investigates, kuanzia 1996 mpaka 1998, BBC tena. Mama wa Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, anafikisha miaka 60, amestaafu, hela haitoshi, anaamua kuwa mpelelezi wa kujitegemea. Anatembea na mumewe Robert, ambaye anapenda amani yake, na kijana anaitwa Geoffrey anayemuendesha kwenye pikipiki. Huyo kijana ni Dominic Monaghan, baadae akaja kuwa Merry kwenye The Lord of the Rings.

Hetty ni kinyume cha Hyacinth kwa kila kitu. Hana maringo, lafudhi yake haifichi, anaingia nyumba za watu anakaa jikoni wanamwambia siri zao wenyewe. Ukiziangalia mbili kwa pamoja, asubuhi Hyacinth jioni Hetty, ndo utajua huyu mama alikua nani.

Nimesikia kuna kazi zake za mtu mmoja anaongea peke yake, ni zipi?

Za mwandishi Alan Bennett. Bennett alimuandikia A Woman of No Importance mwaka 1982, kisha kwenye mfululizo wa Talking Heads akampa A Lady of Letters mwaka 1988, na Miss Fozzard Finds Her Feet mwaka 1998.

Anza na A Lady of Letters. Mhusika anaitwa Miss Ruddock, anakaa peke yake toka mama yake afe, na kazi yake ni kuandika barua za malalamiko. Soseji ina nywele, anaandika. Kila kitu anakiandikia barua, na kwa mwandiko mzuri, ana kalamu yake nzuri kabisa aliyoachiwa na mama yake. Unacheka, ni Hyacinth mwingine huyu. Halafu anaanza kuandika kuhusu majirani wa upande wa pili wa barabara, kwamba hawamtunzi mtoto wao, haoni mtoto akilishwa, wazazi kila saa wapo nje. Anakwambia hayo akiwa na uhakika, mikono imetulia mapajani, nawe unamuamini. Mpaka polisi wanakuja, ndo anaambiwa mtoto alikua hospitali anaumwa leukemia, na ameshafariki.

Angalia uso wake hapo. Hapigi kelele, halii, ni kama mtu aliyefungiwa pumzi. Mwisho anaishia jela, na kule jela, kwenye kelele na wanawake wengine, ndo kwa mara ya kwanza anakua na furaha. Nusu saa tu hiyo, kamera moja mbele yake, hana wa kujibizana naye.

Kwenye filamu je?

Chache, filamu hazikuwa nyumba yake. Ila kuna moja wengi wenu mmeiona bila kujua yumo: To Sir, with Love ya 1967, ile ya Sidney Poitier mwalimu mweusi kwenye shule ya wakorofi London. Yule mwalimu mwenzake Clinty ni Patricia.

Na Shakespeare?

Alikua Royal Shakespeare Company miaka ya themanini. Mwaka 1984 alikua Malkia Margaret kwenye Richard III ya Antony Sher, ile maarufu Sher aliyocheza na magongo. Na miaka miwili kabla yake, 1982, alikua kwenye kikosi cha kwanza kabisa cha Noises Off, komedi ambayo mpaka leo inachezwa dunia nzima. Laana za malkia na komedi ya milango inayobamizwa, zote ndani ya muda mfupi hivyo.

Alipata tuzo na vyeo gani?

Tony 1968 na Olivier 1988 nishazisema. BAFTA, tuzo za filamu na TV za Uingereza, aliteuliwa zaidi ya mara moja, hakuwahi kushinda, na hiyo kwa kweli mimi naiona ni aibu. Mwaka 1996 BBC ilipofikisha miaka 60 ya televisheni watazamaji walimpigia kura kuwa muigizaji wa kike wanayempenda kuliko wote. Serikali ilimpa nishani ya OBE mwaka 1993, ya CBE iliyo juu yake mwaka 2004, na mwaka 2017 akawa Dame, hicho ni cheo cha mwanamke kama vile mwanaume anavyoitwa Sir. Alikua anakaribia miaka 88.

Aliolewa? Alikua na watoto?

Hapana na hapana. Aliwahi kuongelea kwamba alipenda, ila hakuolewa, na kwenye mahojiano hakuonekana kutaka kuonewa huruma. Maisha yake aliyatoa kwa jukwaa. Mengine ni yake mwenyewe.

Kwenye maisha halisi alikua kama Hyacinth?

Waliofanya nae kazi wanasema alikua mkali wa kazi. Alikua anakuja ameshaujua mstari wake na wa mwenzake, hapendi mzaha wakati wa mazoezi. Kama kuna kufanana na Hyacinth ni hapo tu, kutaka kitu kiwe sawasawa. Lakini Hyacinth anataka kionekane sawasawa, Patricia alitaka kiwe.

Alistaafu lini?

Hakukaa chini haraka. Mwaka 1999, miaka 70, alikua Lady Bracknell kwenye The Importance of Being Earnest. Na kuanzia mwaka 2009, miaka 80 imefika, akaanza kuzunguka na onyesho linaitwa Admission: One Shilling, na hapa naomba niwaeleze kidogo.

Linamhusu Myra Hess, mpiga piano wa Kiingereza. Vita ilipoanza 1939 kumbi za muziki London zilifungwa, na picha zote za makumbusho ya National Gallery zikahamishwa zisije zikaungua. Myra akasema sawa, kuta ziko tupu, tuweke piano. Kila siku ya kazi saa za mchana kukawa na muziki pale, toka 1939 mpaka 1946, karibu maonyesho 1,700, mabomu yakianguka wanashuka chini wanaendelea. Kiingilio ni shilingi moja, hiyohiyo shilingi ambayo jina lake sisi tumebaki nalo mfukoni mpaka leo.

Patricia alikua anasoma maneno ya Myra na pembeni yake Piers Lane anapiga piano. Aliyeliandaa onyesho ni Nigel Hess, mjukuu wa ukoo wa Myra, ambaye ndo huyohuyo aliyetunga muziki wa Hetty Wainthropp. Ukifikiria binti wa Birkenhead aliyejificha chini ya duka la baba yake usiku wa mabomu, na miaka 70 baadae anasimama kusoma habari za mwanamke aliyepiga piano chini ya mabomu hayohayo, unaelewa kwa nini alizunguka nalo onyesho hilo miaka yote ile.

Alifariki wapi?

Chichester, kusini mwa Uingereza, ambako alihamia na kuishi miaka mingi, na alikua anasali pale kanisa kuu la mji. Wakala wake alisema alifariki usingizini.

Wenzake wa Keeping Up Appearances?

Mary Millar aliyekuwa Rose kuanzia sizoni ya pili alitangulia mapema, 1998. Shirley Stelfox, yule Rose wa sizoni ya kwanza, 2015. Geoffrey Hughes, Onslow wetu, 2012. Clive Swift, Richard, 2019, na Josephine Tewson, yaani Elizabeth wa vikombe, 2022. Ukiangalia sasa zile sura kwenye meza moja inakugusa kidogo.

Nianze na ipi?

Kama hujawahi kabisa, anza na Sea Fever, ile maalum ya Krismasi 1993, Hyacinth anapanda meli ya kifahari ya QE2 akijua hatimaye kafika kwa watu wa hadhi yake, na siwaambii anakutana na nani humo ndani. Halafu A Lady of Letters, lakini usiku, peke yako, simu weka mbali.

Halafu tafuta ile rekodi ya The Pirates of Penzance ya Central Park, 1980. Picha sio nzuri, imechukuliwa na kamera za zamani, jukwaa la wazi. Subiri Ruth asimame aanze kuimba, na ukimaliza kusikiliza rudi kwenye episodi yoyote ambayo Emmet anatoka nje kwa kunyata.